Sura ya Tisa: Viti Viwili Kivulini

Maji yalifika bila mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna wingu hata la kusingizia, lakini mvua iliyonyesha wiki iliyopita huko kaskazini, mwendo wa kilomita mia nne, ndiyo kwanza ilikuwa inawasili. Sajini Noelene Quilty alikivuka kijito cha Mulgarra saa tatu asubuhi, maji yakigusa mlango wa gari. Alisimama ng'ambo akakamua soksi zake, na muda huo mdogo tu nguzo ya kupimia kina ikawa imepoteza alama mbili.

Kwa hiyo magharibi kulikuwa kumefungwa. Mashariki, kijito cha pili kilikuwa kimefunga njia tangu juzi. Katikati palibaki kilomita arobaini za barabara ya vumbi juu ya tuta la mchanga mwekundu, na kambi moja isiyo na choo, bomba wala mlinzi, wanayoipenda wazee wanaozunguka nchi na makaravani kwa sababu ni ya bure.

Alizungumza na kituo cha wilaya kwa simu ya setilaiti.

"Helikopta?"

"Kesho, Sajini. Zote ziko kaskazini, zinaokota watu juu ya mapaa."

"Basi mimi niko kisiwani."

"Una chakula?"

"Nina biskuti na bastola."

Hakuwa na hamu ya mzaha, ila aliyekuwa upande wa pili alikuwa kijana mwoga na mtu anapaswa kumchangamsha. Siku nane zilizopita mchunga ng'ombe mmoja, Dale Moffitt, mwanamume wa miaka thelathini, alikutwa amekufa kando ya pikipiki yake kwenye barabara hii hii. Pikipiki ilikuwa na mkwaruzo wa rangi nyeupe. Karavani lilimgonga, na mwenye karavani hakusimama. Makaravani yote ni meupe, na msimu huu yako maelfu barabarani. Quilty alikuwa amekwama hadi jana jioni, alipopigiwa simu na mzee aliyejiita Royce Pender.

"Nilikuwepo," mzee alisema. "Karavani lililoguswa liko hapa kambini pamoja nami. Njoo, Sajini. Sitasema zaidi, hapa kila mtu ana masikio."

Sajini akaja. Njiani hakukutana na gari hata moja. Aliona kangaruu, aliona kibao kilichoanguka cha machimbo ya zamani ya kifusi, kilomita kumi na sita kabla ya kambi, na zaidi ya hapo ni mchanga na majani makavu.

Kambini alikuta makao matatu: karavani dogo la mviringo, basi kuukuu lililong'olewa viti, na karavani refu jipya lililoegeshwa chini ya mti mmoja tu uliokuwa na kivuli cha maana. Mwanamume mnene mwenye kaptura alimjia mbio mbio mkono umeshanyooshwa. Jina lake lilikuwa Garth Stemp, fundi mabomba mstaafu.

"Karibu, Sajini! Umepitaje huko? Coralie, weka maji ya chai!"

"Namtafuta Royce Pender."

"Mzee Royce? Aa, umepishana naye! Ameondoka alfajiri. Saa kumi na mbili na robo hivi."

"Kuelekea wapi?"

"Magharibi. Aliogopa maji."

"Mimi nimetoka magharibi, Bwana Stemp. Sikumwona."

Stemp alikuna shingo. "Labda alichepuka kupika chai. Wazee bwana, kila kilomita kumi lazima wakojoe."

"Ulimwona akiondoka kwa macho yako?"

"Nilimwona? Mimi ndiye niliyemkagulia taa! Nilisimama nyuma ya karavani lake, akakanyaga breki, akawasha za kushoto, za kulia. Zote safi. Nikapiga ubavu wa karavani mara mbili, nenda salama mzee, akaenda."

Ndivyo wafanyavyo wote. Hakuna mzee wa karavani anayeng'oa kambi bila jirani kusimama nyuma kumkagulia taa, hata kama jana walinuniana. Quilty aliandika: *taa zote safi, G.S.* Mkewe Stemp, Coralie, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, alileta chai na kukaa kwenye mojawapo ya viti viwili vya turubai vilivyokuwa kivulini. Aliitazama chai ya mgeni kama aliyeogopa kuwa ina chumvi.

"Bibi Stemp, na wewe ulimwona?"

"Nilikuwa bado kitandani," alisema, akamtazama mumewe.

Basini alikaa Lenny Vukasin, mchimbaji wa zamani wa vito vya opali, mguu wake wa kulia ukiwa umefungwa bendeji hadi gotini. Jambo la kwanza Quilty aliloliona ni dumu la maji la lita ishirini chini ya ngazi ya basi. Limeandikwa kwa rangi nyekundu: ROYCE.

"Hilo umelipataje?"

"Umekuja kwa dumu, Sajini? Polisi wana kazi nyepesi siku hizi."

"Nimeuliza swali."

"Nimepewa. Jana. Tangi langu limetoboka."

"Jirani zako wanasema uligombana naye."

"Jirani gani, yule Stemp? Nilimwambia Royce kahawa yake inanuka soksi. Kama huo ni ugomvi, basi nina vita na nusu ya nchi."

Quilty alizunguka basi. Mzee akiondoka kwenda safari ya siku nzima jangwani, kwa nini aache nyuma dumu zima la maji? Hakuna anayefanya hivyo hapa, hata awe na haraka ya namna gani. Alifungua boneti la basi. Betri haikuwamo, starta ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa juu ya gazeti, na buibui alikuwa ameshatandaza nyumba yake kwenye mkanda wa feni. Alirudi akautazama mguu wa Lenny, akambonyeza kidogo kwenye kisigino. Lenny alitoa tusi lisiloandikika. Mtu huyu hakuendesha gari la mtu popote leo, na kwa mguu ule hakufika hata kichakani.

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Nilisikia gari la Royce likiondoka. Halafu nikalala. Halafu yule mshenzi akaniamsha na jenereta lake."

"Mshenzi gani?"

"Stemp! Saa mbili na nusu, jua limeshawaka, ana paneli za sola juu ya paa za kutosha hospitali, anawasha jenereta! Hana adabu. Nikatoka kwa mguu huu huu kumwuliza, wewe una wazimu? Eti anachaji betri ya baiskeli."

"Baiskeli?"

"Ya umeme. Kila asubuhi anaendesha hadi kijito cha mashariki kutazama maji na kurudi. Kilomita tatu. Anajiona mwanariadha."

"Betri kama hiyo inamaliza siku ngapi kwa kilomita tatu?"

Lenny alifikiri. Ghadhabu ilimtoka usoni taratibu, pakabaki udadisi. "Wiki," alisema. "Zaidi ya wiki. Jumapili alinitambia kwamba hajaichaji tangu wafike."

Saa ilikuwa ikikaribia tano. Upande wa kusini wa tuta, pale palipokuwa na nyasi kavu alipowasili, palikuwa na mstari wa maji unaong'aa. Quilty aliutazama mara moja akaamua asiutazame tena, maana kuutazama hakukuupunguza. Kama Royce Pender alikuwa hai, alikuwa mahali fulani kwenye kisiwa hiki, na kisiwa kilikuwa kinapungua.

Kwenye karavani la mviringo aliishi Dulcie Hargreave, mjane wa miaka sabini na tisa, anayesafiri peke yake na kufuma soksi ambazo hakuna aliyemwomba.

"Nilijua utaniacha mwisho," alisema. "Wanaume kwanza, kikongwe baadaye. Kaa, mwanangu. Una sura ya mtu asiyelala."

"Bi Dulcie, asubuhi ulimwona Mzee Royce?"

"Nilimwona akipita. Nilikuwa na birika mkononi. Nikampungia, naye akanipungia."

"Ulimwona uso?"

Sindano za kufumia zilisimama. "Niliona gari lake. Karavani la mstari wa kijani. Kofia yake."

"Uso?"

"Hapana," Dulcie alisema polepole. "Sisi huku hatutazamani nyuso, mwanangu. Tunajuana kwa makaravani. Mstari wa kijani ukipita, Royce amepita." Alikunja midomo. "Tena nilikasirika. Sikuamini angeondoka bila kuniita nimkagulie taa. Mwezi mzima tunafuatana, kila tunapong'oa kambi mimi ndiye ninayesimama nyuma yake."

"Bwana Stemp anasema ndiye aliyemkagulia leo. Taa zote safi."

"Zote?"

"Zote."

Dulcie alicheka kicheko kikavu, cha kukoroma. "Basi ni muujiza. Taa ya breki ya kushoto ya Royce imekufa tangu Jumanne. Mimi ndiye niliyemwambia. Hapa balbu hakuna, alikuwa anasubiri kufika mjini."

Quilty hakubadilisha uso. Njia ya mwongo ni fupi, nayo hii ilikuwa imefika mwisho wake bila hata kukunja kona. Mtu asiyejua mila za kambi angesema tu kwamba mzee aliondoka. Stemp alizijua mno. Alijua hakuna atakayeamini safari bila ukaguzi wa taa, akautengeneza ukaguzi, akaukamilisha vizuri kupita kiasi.

"Jambo moja tena. Pale chini ya mti ndipo alipokuwa Royce?"

"Siku nne! Na siku nne Stemp ananung'unika kuhusu kivuli hicho. Royce hata vumbi lake halijatulia, viti viwili vya Coralie vimeshawekwa pale. Nikacheka peke yangu." Katika kambi za bure, kiti kikiwekwa mahali, mahali pana mwenyewe. Hakuna atakayekisogeza hata kwa fimbo.

"Na karavani lao walilihamishia pale saa ngapi?"

"Baada ya jenereta. Saa tatu kasoro."

"Bi Dulcie. Mtu ametamani kivuli siku nne. Kinapatikana saa kumi na mbili na robo. Kwa nini asubiri zaidi ya saa mbili nzima ndipo asogeze karavani mita thelathini?"

Dulcie aliweka soksi chini. Hakuwa mjinga hata chembe.

"Coralie haendeshi," alisema. "Hajui. Kwa hiyo hakukuwa na dereva."

Quilty alikuwa ameshainuka. Muda wa saa mbili. Kwenda kwa gari la Royce, kofia ya Royce kichwani, kurudi kwa baiskeli mpaka betri iishe. Na kati ya kambi na Mulgarra kulikuwa na njia moja tu ya kuchepukia, yenye kibao kilichoanguka. Machimbo ya kifusi yako chini kuliko barabara. Yeye mwenyewe alikuwa amepita juu yake bila kugeuza shingo. Maji yakijaza jangwa, hujaza shimo kwanza.

Stemp alikuwa anakunja hema la pembeni. Quilty hakumwendea yeye, alimwendea Coralie kitini.

"Bibi Stemp, mumeo alirudi saa ngapi na baiskeli?"

"Kama saa mbili na dakika kumi." Alijibu kabla ya kufikiri, kisha mkono ukapanda mdomoni.

"Coralie!" Stemp aliita.

"Bwana Stemp, simama hapo hapo ulipo. Bibi, alikwambia anakwenda wapi?"

"Alisema..." Miwani ilianza kuteleza puani. "Alisema Mzee Royce hajisikii vizuri. Anamwendeshea hadi Mulgarra, ng'ambo atapokewa, yeye arudi na baiskeli. Akaniambia nishike kivuli. Garth, si ndivyo ulivyosema? Kwa nini ulimwambia Sajini habari ya taa?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Stemp hadi kwenye soksi.

"Alikuwa anapumua ulipomwacha?" Quilty aliuliza.

"Simjui unayemsema."

"Machimbo yanajaa tangu saa tatu. Nitakwenda na wewe au bila wewe, lakini mlango wa karavani lake umefungwa kwa ufunguo na mimi nina nyundo tu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Alikuwa anapumua?"

Coralie alisimama. Alimwendea mumewe, akatia mkono kwenye mfuko wa kaptura yake kama anayetafuta leso ya mtoto, akatoa ufunguo wenye kipande cha kitambaa cha kijani. Alimpa Quilty. Kisha akarudi kukaa, mgongo wake kwao.

"Nilidhani amekufa," Stemp alisema. "Hakutikisika. Naapa, nilidhani amekufa."

Kilomita kumi na sita zilichukua dakika kumi na mbili. Stemp alikaa kiti cha nyuma na pingu, akizungumza bila kuulizwa. Royce alikuja alfajiri. Akasema amempigia polisi simu, anakuja leo, ni habari ya yule wa pikipiki. Hapo Stemp alikuwa na spana ya magurudumu mkononi. Hakukusudia kumpiga. Baadaye alikumbuka maji, na kwamba kila mwaka yuko mzee anayeingiza karavani mtoni, watu husikitika, na habari huishia hapo.

Gari la Royce lilikuwa limezama hadi usukani. Karavani lilikuwa limeinamisha pua, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwa yamepanda hadi nusu ya dirisha, na nyuma yake bado iko juu. Maji hayakuwa na kelele. Quilty alizima injini ili asikilize.

Kitu kiligonga kutoka ndani. Mara tatu, pumziko, mara tatu.

Stemp alianza kulia kwa sauti. Quilty alimvuta nje ya gari, akafungua pingu.

"Sina mtu mwingine," alimwambia. "Lenny ana mguu mmoja na Dulcie anakaribia miaka themanini. Ukikimbia, utakimbilia wapi? Shika kamba."

Ufunguo haukusaidia kitu, mlango ulikuwa umebanwa na maji. Walizunguka nyuma, wakiwa ndani ya maji hadi kifuani, Quilty akalipiga dirisha la plastiki kwa nyundo hadi likapasuka kwenye bawaba. Mkono mwembamba wenye mabaka ulitoka ukashika ukingo. Stemp ndiye aliyeingiza mabega, yeye ndiye mwenye nguvu, akamkumbatia mzee kiunoni na kumtoa. Kwa sekunde kadhaa mtu na mtu aliyempiga walikuwa wameshikana shavu kwa shavu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Walimpandisha juu ya lundo la kifusi. Royce Pender alikuwa mzee mrefu, dereva wa treni mstaafu, na kisogoni alikuwa na donge lenye damu iliyoganda. Alikunywa maji ya Quilty yote. Nyuma yao karavani lilitoa pumzi ndefu, nyuma yake ikashuka, na dirisha walilolivunja likaingia chini ya maji. Zilikuwa zimebaki dakika chache mno.

Quilty alimfunga Stemp pingu tena, mikono mbele safari hii. Kisha akatoa daftari, likiwa limelowa kona moja.

"Mzee Royce. Ulisema uliona. Mwanzo hadi mwisho, tafadhali."

"Nilikuwa nyuma yao, kama mita mia tatu," Royce alisema. Sauti ilikwaruza. "Garth alikuwa anakwenda vizuri tu. Upande wake, mwendo wa wastani. Ng'ombe dume akakurupuka kichakani. Yule kijana akamkwepa, akalivaa karavani la Garth ubavuni, kwenye gurudumu la nyuma. Ukiwa mbele na vumbi lile huwezi kuona kitu. Unasikia kishindo, basi."

Stemp aliinua kichwa.

"Kijana aliinuka," Royce aliendelea. "Alijipangusa suruali. Nilipopita alinipungia mkono. Nikajua amepona, sikusimama. Juzi redio ikasema amekufa kwa damu iliyovujia tumboni, na kwamba polisi wanamtafuta muuaji wa karavani jeupe. Sikulala. Nikajisemea, watamfunga Garth kwa kitu ambacho hakukifanya, na aliyeona ni mimi peke yangu." Alimgeukia Stemp kwa mara ya kwanza. "Nilimwita Sajini ili nikutetee, mpumbavu wewe. Ndicho nilichokuja kukwambia. Ulisikia neno polisi tu, ukanipiga."

Stemp alikaa chini juu ya kifusi taratibu, na pingu zikalia.

Quilty aliandika hadi mwisho wa mstari. "Mzee, haya yote utayarudia mahakamani? Baada ya leo?"

Royce alijipapasa kisogo, akaitazama damu kwenye vidole, akaifuta kwenye suruali.

"Nilichokiona barabarani nitakisema kama kilivyokuwa," alisema. "Na cha leo nitakisema vile vile."